Mbegu Kinywani mwa Scholastika

Lukasi Mbena hakai chini. Nilimkuta kwenye gulio la Gairo mwezi wa Novemba 1958, nikamwagizia chai, akainywa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine umeshika usukani wa baiskeli. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga debe la dawa ya mbegu, na kando ya debe fimbo ndefu yenye kipande cha mwanzi ubavuni. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakulima namna ya kutumia dawa za kuulia wadudu na kuvu bila kujidhuru. Watu wa Gairo walikuwa wamekusanyika wakisubiri afungue debe.

Hakulifungua. Alimwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga, akamwamkia, akamwomba amwonyeshe jinsi anavyopanda.

"Yaani umetoka Morogoro na baiskeli kuja kutazama mwanamke akiinama?" yule mama akauliza.

Watu walicheka sana, na Lukasi alicheka nao, lakini hakuondoka. Mwishowe mama akachukua kijiti, akainama, akajifanya anapanda karanga katika vumbi la gulio. Lukasi alimtazama mikono. Kisha akamtazama mdomo, na mdomo aliutazama zaidi kuliko mikono. Akamuuliza karanga za mbegu anazibangua kwa kitu gani. Kwa meno, mama akasema, kwani wewe unabangulia goti? Lukasi akashukuru, akarudi kwenye baiskeli, akafungua debe. Jambo la kwanza alilowaambia ni kwamba karanga zibanguliwe zote kwanza, na dawa ije baadaye, siku nyingine, kwa mikono mingine ikiwezekana.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa akitazama midomo ya watu. Alisema hiyo si habari ya kueleza umekaa. Jioni hiyo tulipanda lori la mahindi kurudi Morogoro, mimi nimeketi juu ya magunia, yeye amesimama ameshika bomba la turubai, na upepo ukimnyang'anya maneno akayarudia. Sehemu iliyobaki alinisimulia kesho yake tukipanda mlima kutoka Mlali, na mahali penye mteremko mkali sana alinyamaza, si kwa kuchoka, bali kwa sababu mimi nilikuwa nimebaki nyuma.

Alizaliwa Kisambo, kijiji kilicho juu ya Mlali, karibu na mwaka 1919. Huko shamba limeegemea mlima kama ngazi iliyoegemea ukuta. Mwanamke anayepanda mahindi anashika kisiki au jiwe kwa mkono wa kushoto ili asiporomoke, na kwa mkono wa kulia anashika muo, yaani fimbo ya kuchimbia shimo. Mkono wa tatu hana. Kwa hiyo mbegu anazitia kinywani, konzi nzima, zinamvimbisha shavu, na kila akichimba shimo anatema punje tatu ndani yake, anafukia kwa kisigino, anapanda hatua moja. Nimeona watu wakipanda mpunga kwa vidole na ngano kwa kurusha, katika nchi zisizofanana kwa lolote, lakini kupanda kwa mate nilikuona Kisambo peke yake.

Kutokana na hilo ikazuka adabu yao moja. Mwanamke anayepanda hasalimiwi. Unapita chini ya shamba kimya, hata kama ni mama yako mzazi, kwa kuwa ukimwamkia unamlazimisha atoe mbegu zote ili akuitikie, na mkubwa akishaamkiwa na mdogo hawezi kuacha kumwitikia.

Lukasi aliyajua hayo kabla hajajua kusali. Alikuwa mgongoni mwa mama yake akisikia ule mlio mdogo wa kutema. Kisha akapelekwa shule ya misheni, na mwaka 1941 akaingia keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Bama. Huko alipewa kazi ya unga wa DDT. Askari walipanga foleni, naye akawapulizia unga kwenye kola, kwapani na kiunoni ili chawa wafe. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwiko, na kwa mikono hiyo alikula mkate. Hakuumwa. Aliporudi mwaka 1946 alikuwa amejenga imani moja kubwa: unga unaoua mdudu ni rafiki wa mtu.

Kisambo palimshinda kukaa. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa akina mama. Mama yao alipofariki, shamba na mbegu vilikwenda kwa dada yake mkubwa, Scholastika, na Lukasi akabaki mjomba, mwenye sauti nyumbani lakini asiye na tuta lake. Alifanya kazi kwenye mkonge, akawa utingo wa malori ya Dodoma, akaacha. Mwaka 1950 idara ya kilimo ilimwajiri kwa sababu alijua kushika bomba la dawa. Lakini kazi waliyompa kwanza haikuwa ya dawa. Walimpa nguo za kaki na kamba, akapime matuta ambayo serikali iliwalazimisha watu wayachimbe milimani. Akayapima hata katika shamba la mama yake.

Scholastika alisimama juu ya jiwe akamtazama anavyonyosha kamba. "Mama alilima hapa bila kamba yako," alisema, "na udongo ulimjua."

Mwaka 1955 watu wa milimani walikataa matuta kwa maandamano. Huko Kisambo wanawake walikaa chini njiani wasimpishe mtu wa kaki, na Scholastika alikaa mbele. Lukasi ndiye aliyekuwa amevaa kaki. Alizunguka kwa kupitia porini, na tangu siku hiyo hakumwamkia tena dada yake. Walikutana Jumapili kanisani, akapita ametazama mbele. Yeye ndiye mdogo, na ilikuwa juu yake kuanza. Scholastika hakumwita.

Matuta yaliachwa, kaki ikabaki. Katikati ya mwaka 1957 alipelekwa Kihonda kwa wiki mbili kujifunza dawa mpya ya mbegu. Ilikuwa unga wa rangi ya waridi, nao ulitiwa rangi hiyo makusudi ili mtu asidhani mbegu ni chakula. Mwalimu wao aliwaambia wazi kwamba hii si DDT. Ndani yake mna zebaki, na mtu akiila itamharibu taratibu, hata mikono ianze kumtetemeka. Lukasi alishtuka kidogo, akakumbuka mkate wa Bama, akaandika kila neno. Msile mbegu hii. Msiwape kuku. Nawani mikono. Kopo lifukiwe, lisichotewe maji. Walifanya mazoezi kwenye ardhi tambarare, mistari imenyooka, kila mmoja na kikapu chake kando ya mguu. Hakuna aliyeuliza kikapu utakiweka wapi kwenye shamba lililosimama kama ukuta.

Mwezi wa Oktoba alipanda Kisambo na debe lake. Kama angefikia kwa dada yake, yote yangejulikana siku ile ile, maana mbegu za ukoo ziko darini kwake, na wanaopanda ni wanawake. Lakini alifikia kwa katekista Dominiko, mtu mcheshi, na wanaume ndio waliokuja.

"Bwana Matuta," Dominiko alimpokea, "safari hii kamba iko wapi?"

"Imekatika."

"Nani kaikata?"

"Nyie."

Wakacheka, na mambo yakaenda vizuri kuliko alivyotazamia. Wanaume walizirudia amri zote nne kwa sauti kama watoto wa katekisimu. Alichanganya mbegu za kijiji kizima na dawa kwenye pipa, zikatoka za rangi ya waridi, kila mwanamume akabeba za nyumbani kwake. Hata gunia la Scholastika lililetwa, na mumewe, bila neno. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakitwanga. Lukasi aliteremka mlima akipiga mluzi.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, alikuwa Mlali kwenye baraza ya fundi cherehani Salehe, akikatiwa suruali. Salehe alikuwa amepiga magoti na pini sita midomoni, akikunja mguu wa suruali na kuubana. Alisema kitu, Lukasi hakukielewa. Akasema tena, nacho kikawa mnong'ono wa pini. Lukasi akamuuliza kwa mzaha kama haogopi kuzimeza.

Salehe alizitoa zote kwanza. "Mikono miwili tu ndiyo niliyopewa, ndugu yangu. Mmoja unashika nguo, mwingine unabana. Pini ulitaka nizishike kwa masikio?" Akazirudisha midomoni.

Lukasi aliitazama ile midomo. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipowakumbuka wapandaji wa Kisambo. Kisha akageuka kutazama mlima. Mlali palikuwa pakavu, lakini juu wingu lilikuwa limekaa tangu jana, jeusi chini, na mvua ilikuwa imenyesha huko usiku kucha. Kisambo hawasubiri mvua ya pili. Wanapanda kesho yake alfajiri, nayo kesho yake ilikuwa ndiyo hiyo asubuhi.

Alishuka barazani. Salehe alipiga kelele nyuma yake kuhusu pini zake. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umefika juu ya kifundo, mwingine unaburuta.

Njia ile ni mwendo wa saa nne. Yeye alikwenda chini ya tatu. Pini zilimchoma kila hatua, hakusimama kuzitoa. Kilichomchoma zaidi, alisema, ni kwamba hakuwa na udhuru. Mgeni wa Ulaya angeweza kusema hakujua. Yeye alijua. Alikuwa amelala mgongoni mwa mama akiusikia mlio ule. Alikuwa amepanda mlima kuwaambia wanawake waliomlea wasile mbegu, na hakuuliza mbegu zinakaa wapi kabla ya kuingia shimoni.

Alipofika kwenye kijito chini ya shamba la mama yake aliwaona ng'ambo, wanawake kumi na mmoja, wamejipanga juu ya mteremko, muo unapanda na kushuka. Scholastika alikuwa juu kabisa. Lukasi aliweka mikono mdomoni akapaza sauti: "Temeni! Temeni mbegu!"

Sauti ilivuka bonde vizuri. Migongo haikugeuka. Tangu mwaka wa maandamano walikuwa wamekubaliana kwamba mtu wa kaki akipiga kelele kutoka ng'ambo ya mto, hawajasikia. Mmoja aliinua muo akamwelekeza njia ya kurudia Mlali, akaendelea kupanda.

Alivuka maji. Akapanda kwa mikono na magoti, akipita kando ya wanawake wa chini, akiwaambia kwa pumzi iliyokatika kwamba ni sumu, tema, tema mama, nao wakamtazama juu mpaka chini, wakaitazama ile suruali, wakageukia kazi yao. Alifikiri kumshika mmoja kwa nguvu. Lakini mwanamke aliyesimama kwenye mteremko ule hashikwi. Mkishikana mnaporomoka wote. Na akimshika mmoja, wengine watakuwa wamepanda mistari mitatu zaidi.

Akafika hatua kumi chini ya dada yake. Akavua kofia ya serikali, akaiachia, ikabingirika hadi mtoni.

"Shikamoo, dada."

Miuo ikasimama mteremko mzima. Mtu mzima, mzaliwa wa hapo, anamwamkia mpandaji. Scholastika alibaki amempa mgongo. Lukasi akarudia, polepole, kwa sauti ile aliyokuwa nayo kabla ya kaki.

"Shikamoo, dada Schola."

Aligeuka. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kwa mbegu, na pembeni mwa mdomo palikuwa na alama ya waridi iliyoteremka hadi kidevuni. Lukasi aliniambia kwamba katika vita alingoja mambo mengi, lakini hakuna alichokingoja vile. Kisha Scholastika akauchomeka muo ardhini, akakinga kiganja, akatema mbegu zote, akapangusa mdomo.

"Marahaba," alisema. "Miaka miwili, na siku uliyoichagua ni leo."

"Usizirudishe, dada. Zina sumu."

"Ulisema tusile."

"Nilisema."

"Basi hatujala. Tangu alfajiri hatujameza hata moja. Waulize." Alionyesha mteremko kwa kidevu. "Veronika alitaka kutupa, akasema zina ladha ya jembe. Nikamwambia vumilia, mjomba wako kasema zisiliwe, hakusema zisitiwe kinywani."

Lukasi akasema kile alichokuwa akijiambia njia nzima, kwamba alijua jinsi mama alivyopanda, akasahau.

Dada yake alitazama chini, kwenye miguu miwili ya suruali isiyolingana. "Na hii nayo uliisahau nusu?"

Wale wengine walikuwa wangali wamejaza vinywa. Kwa hiyo Lukasi aliteremka mteremko akiwaamkia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo shangazi, na kila mmoja, akiwa ameona mkubwa wao alivyofanya, alitema akaitikia. Wa mwisho alikuwa Veronika, binti wa Scholastika, msichana wa miaka kumi na tisa. Mjomba hamwamkii mpwa wake popote duniani. Lukasi aliinamisha kichwa akasema shikamoo. Veronika alijaribu kuvumilia, mabega yakamtikisika, kisha kicheko kikamshinda na mbegu zikaruka zote.

"Mjomba, umerukwa na akili," alisema akipangusa midomo. Na ndivyo kinywa cha mwisho kilivyokuwa kitupu.

Walitaka kushuka mtoni kusukutua. Akawakataza, kwa kuwa chini kulikuwa na watu wanaochota. Aliazima kibuyu, akapandisha maji yeye mwenyewe, safari kumi na moja, na kila mmoja alisukutua mahali aliposimama, maji yakaingia ardhini pamoja na mbegu. Katika safari ya sita hivi Scholastika alimwambia afadhali angeleta kamba yake siku hiyo, ingemsaidia kupanda.

Hayakuishia kwenye kicheko. Veronika alitapika siku mbili katika zahanati ya misheni. Wanawake wanne walitoka vidonda mdomoni. Scholastika alianza kupanda mapema kuliko wote, na ufizi wake ulivimba mwezi mzima. Meno mawili yalitoka. Asubuhi za baridi mkono wake wa kulia hutetemeka kidogo. Huenda ni umri. Lukasi alinieleza hayo akiwa ametangulia mbele yangu njiani, bila kugeuka.

Mkubwa wake wa kazi alitaka taarifa iandikwe kwamba wanawake hawakufuata maelekezo. Lukasi aliandika kwamba waliyafuata neno kwa neno, na hilo ndilo lililowaumiza. Mwezi uliofuata aliondolewa kituo cha Mlali, akapewa baiskeli na wilaya nzima ya kuzungukia. Sijui kama ilikuwa adhabu. Kama ilikuwa adhabu, walimpa mtu wa mwendo adhabu ya kutembea.

Ule mwanzi wa kwenye fimbo ni kazi ya Veronika. Alikata kipande kirefu kiasi cha mkono, akakitoboa vifundo, akakifunga ubavuni mwa muo. Ukiuinamisha muo kidogo mbegu zinateleza hadi shimoni, bila kuguswa na mkono wala mdomo. Wa kwanza ulikwama. Wa pili ulimwaga mbegu zote kwenye shimo moja, na Kisambo ilicheka wiki nzima. Wa tatu unafanya kazi ukiwa mkavu, na mvua ikiuingia unakorofisha. Lukasi huufunga kwenye baiskeli yake kila aendako. Watu wa Gairo hawauhitaji, ardhi yao ni tambarare, lakini huwaonyesha hata hivyo, kisha huwauliza wao wana nini.

Tulifika kwenye kijito asubuhi ya saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na wanawake walikuwa mteremkoni. Sehemu ya chini, inayopandwa mbegu za waridi, miuo yenye mianzi iliinama na kuinuka, na Veronika alikuwa akimgombeza mwenzake aliyeujaza mwanzi wake kupita kiasi. Sehemu ya juu Scholastika alikuwa peke yake. Ile dawa ameikubali kwa nusu ya shamba tu. Nusu nyingine hupanda mbegu zake nyeupe kutoka darini, zilizokaushwa na moshi wa jiko lake, na huzipanda kama mama yake, shavu limejaa.

Kabla ya kuvuka, Lukasi alisimama akamkagua dada yake kwa mbali, pembe za mdomo, kidevu, muda mrefu. Palikuwa safi. Tukapanda. Njia inapita hatua mbili chini ya mahali alipokuwa amesimama, karibu kiasi cha kusikia mlio wa punje zikiingia shimoni. Nilifungua mdomo nisalimie, na Lukasi akanishika mkono.

Tulimpita kimya, kama inavyotakiwa. Scholastika hakugeuka, ila aliunyanyua muo juu kidogo kuliko shimo lilivyohitaji, akauacha hapo mpaka tulipopita, kisha akachimba. Nilidhani tungemsubiri juu amalize safu yake. Lakini Lukasi alikuwa amekwisha kufika ukingoni mwa shamba na kushika njia ya Mgeta. Huko, alisema, kuna watu wanaopanda mbaazi, na hajaona bado wanazishikaje.